Kilo 38 zisizojulikana zimetoka wapi? Jibu kwa msomaji wa Chake Chake

Swali: Fundi, shikamoo. Ami yangu alinunua ndege ya zamani, Piper Cub J-3 ya mwaka 1941, iliyokuwa imelala bandani miaka mingi huko bara. Tuliileta Pemba kwa vipande na tumeifufua: kitambaa kipya, rangi ya njano inayong'aa kama kioo (kazi ya fundi rangi wa magari), sakafu mpya, viti vya ngozi, betri na redio. Januari tuliipima kwa mizani mitatu ya karafuu tuliyoazima. Petroli tuliimwaga yote. Mkia tuliuinua juu ya kigogo cha mnazi mpaka ndege ikakaa sawa. Mlango wa banda tuliuacha wazi tupate mwanga. Gurudumu la kulia kilo 160, la kushoto 159, mkia 41. Jumla 360. Karatasi ya zamani inasema 322. Ami anasema ni unyevu wa bahari ulioingia kwenye mbao za mabawa, na kwamba kiangazi utatoka. Mimi sina hakika. Kilo 38 zimetoka wapi, na tufanye nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na ami yako nisalimie sana. Kufufua Cub kwa kuanzia vipande hapo Pemba si kazi ndogo, na mmefanya jambo ambalo wengi hulikwepa: mmeipima kabla ya kuirusha. Wengi huchukua karatasi ya zamani, wakaongeza betri kwa kalamu, wakaruka.

Nianze na hoja ya ami, maana ina ukweli ndani yake na ndiyo sababu inavutia. Mihimili ya mabawa ya Cub ya mwaka huo ni mbao za sprusi, msonobari mwepesi wa nchi za baridi. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyatema mpaka zilingane na hewa inayozizunguka. Kwenye banda kavu la bara, ambako unyevu wa hewa uko asilimia 50 hivi, mbao hutulia na maji ya asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Kwa hewa ya kwetu, inayocheza kwenye asilimia 80, hupanda mpaka 16. Mpemba hahitaji kufundishwa jambo hili. Kila aliyewahi kupeleka karafuu zisizokauka sawasawa anajua mizani na maji wanavyoelewana.

Sasa tupige hesabu. Mihimili yote minne ikadirie kilo 20. Kutoka asilimia 9 kwenda 16 inaongeza kilo moja na robo, basi. Hata ukiongeza vipande vya mbao vilivyomo kwenye bodi, hufiki kilo mbili. Kitambaa cha poliesta hakinywi maji ya maana, na mabomba ya chuma hayanywi kabisa. Wala hiyo kilo moja na robo haitatoka kiangazi, kwa sababu kiangazi cha Pemba bado ni cha kisiwani. Huo ndio uzito wa mbao hizo kwenu, na uandikwe hivyo. Ndege za mbao na kitambaa zimezoea pwani hii tangu zamani. Kampuni ya Bi Florence Wilson, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ilikuwa ikizileta mpaka Unguja katika miaka ya 1930. Unyevu una madhara yake, nayo ni kuoza, gundi kuachia na kutu. Kuwapa kilo 38 hauwezi.

Kabla hatujazitafuta hizo kilo, nina mashaka na zenyewe. Namba yenu ya 360 siiamini, na kinachonitia shaka zaidi ni ule mkia.

Cub tupu ikiinuliwa ikakaa sawa, gurudumu la mkia hubeba kilo ishirini na kitu. Nyinyi mmepata 41. Kigogo cha mnazi kilikuwa juu ya mizani, sivyo? Mlikitoa kwenye hesabu? Hukuandika, na mtu aliyekitoa kwa kawaida husema. Ili mkia wa Cub ufike usawa unahitaji kuinuliwa mita moja hivi. Kigogo cha urefu huo chenye kipenyo cha sentimita 20 kinaweza kupita kilo 15 bila shida, na kikiwa kibichi zaidi ya hapo. Kipimeni peke yake leo hii. Kikiwa na kilo 17, mkia wenu ni 24 na ndege nzima ni 343. Karibu nusu ya tatizo lenu itakuwa ni mnazi. Na vile vigingi vya kuzuia magurudumu, kama navyo vilikuwa juu ya mizani, vitolewe pia.

Lakini msishangilie mapema, maana kuna upande wa pili. Januari ni kaskazi tupu, na mlango mliuacha wazi. Bawa haliulizi kama unaruka au unapima. Hewa ikipita, litanyanyua. Mabawa ya Cub yana eneo la mita za mraba 16 na nusu. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ule wa kupeperusha kanzu tu, ukiingia kwa mbele unaweza kupunguza kilo 10 kwenye mizani, na upepo ukiongezeka mara mbili kunyanyua huko kunaongezeka mara nne. Kwa hiyo kigogo kimewaongezea na kaskazi imewapunguzia. Inawezekana kabisa makosa hayo mawili yamefutana na ndege ni nzito karibu kama mlivyosoma. Inawezekana pia ni kilo 350. Kwa sasa hakuna anayejua, hata mimi niliyekaa huku na kalamu.

Nikisema mpime upya namaanisha hivi. Pimeni alfajiri, milango yote imefungwa, na bora msubiri tangambili pepo zinapotulia. Mizani ya karafuu inafaa kwa uzito huu, sina ugomvi nayo, ila ijaribiwe kwanza hapo hapo mlipo: dumu la lita 20 la maji baridi lina kilo 20 za maji, nanyi mkiwa na madumu manane mna kilo 160 za kuthibitishia kila mizani kwenye uzito ule ule wa gurudumu. Msisahau kupima madumu matupu. Magurudumu yaachwe huru, breki zisishikwe, maana gurudumu lililobanwa husukuma mizani pembeni ikadanganya. Ndege isukumwe kidogo, ipimwe tena, mara tatu. Masomo yakitofautiana zaidi ya kilo moja kuna kitu kinagusa mahali. Na ndani ya ndege pasiwe na kitu kisichokuwamo kwenye orodha ya vifaa. Nimeshaona spana, kipande cha msasa na chupa ya maji vikipimwa pamoja na ndege, halafu watu wanakuna vichwa.

Mafuta ya injini nayo yaamuliwe mapema. Hapa pana mtego wa kisheria unaowashika watu wengi wenye ndege za zamani. Kwa ndege zilizoidhinishwa chini ya kanuni za zama zile, uzito mtupu haukuhesabu mafuta ya injini yote. Ulihesabu yale tu yasiyoweza kumwagika. Kanuni za baadaye zikaanza kuyahesabu yote. Injini yenu ya Continental ya nguvu farasi 65 hubeba karibu lita nne, yaani kilo tatu na nusu. Nyinyi mlimwaga petroli, mafuta ya injini hamkuyataja. Kama yalikuwamo, basi kilo tatu na nusu katika hizo 38 ni tofauti ya namna ya kuhesabu na si uzito ulioongezeka. Chagueni njia moja, iandikeni juu ya karatasi mpya kwa herufi kubwa, ili atakayekuja baada yenu asiyahesabu mafuta mara mbili au akayasahau kabisa.

Sasa hiyo karatasi ya kilo 322. Ami yako naona anaiheshimu kwa sababu ya umri wake, nami namwelewa, lakini viwanda vingi vya ndege ndogo enzi zile havikuweka kila ndege kwenye mizani. Walipima chache, wakachukua wastani, wakapiga muhuri. J-3 zilitengenezwa kati ya 1938 na 1947, karibu ndege 20,000, na wakati wa vita zilikuwa zikitoka kama mikate. Hata vitabu havikubaliani kuhusu uzito wake mtupu: kimoja kitakwambia ratili 680, yaani kilo 308, chengine ratili 765, ambazo ni kilo 347. Tofauti hiyo ya kilo karibu 40 inatokana na ndege ipi, ina nini ndani, na nani alipima. Baada ya kiwanda zikaja mbio za kalamu: mwenye ndege wa pili akabadili magurudumu, wa tatu akaongeza kioo, wa nne akatoa kitu asikiandike. Kila mmoja alijumlisha na kutoa juu ya namba ya aliyemtangulia. Sehemu ya kilo mnazozitafuta haikuingia Pemba, ilikuwamo tangu hapo bila kusajiliwa. Kiasi gani, hamtajua kamwe, kwa sababu hamkuipima kabla ya kuibomoa. Nasema hilo kwa faida ya msomaji mwengine ambaye ndege yake bado ni nzima: ipime kwanza ikiwa chafu hivyo hivyo, ndipo ushike bisibisi.

Tuje kwenye yale yaliyoongezwa na mikono yenu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kubwa kuliko yote ni lile mnalojivunia zaidi.

Rangi. Mabawa pande zote mbili ni mita za mraba 33, ongeza bodi na mkia, tuseme 50. Rangi ikikauka ina uzito wa gramu 1.4 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Mpuliziaji wa magari akipita mkono mmoja mzito, mzuri, wa kung'aa, huacha unene wa mikroni 50, ambao ni nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Zidisha: gramu 70 kwa mita ya mraba, kilo tatu na nusu kwa ndege nzima. Kwa mkono mmoja! Na njano ndiyo rangi mbaya kuliko zote kwa kufunika. Unapuliza, unaona kivuli cha fedha chini, unapuliza tena, bado, unapuliza tena. Fundi mjanja hutanguliza nyeupe ili njano ishike upesi, na hiyo nyeupe nayo ni mkono. Kisha ikaja ile ya wazi ya juu, inayoleta kioo. Mikono mitatu tu ya ziada ni kilo kumi na nusu. Muulizeni fundi wenu alipita mara ngapi, na hasa muulizeni alitumia makopo mangapi, makopo hayasahau. Fundi wa magari hana kosa. Gari halijali kilo kumi, na yeye amefundishwa kutafuta uso wa kioo. Ila mlipaswa kumsimamia.

Cub ya kiwandani haikung'aa kama harusi. Ukiitazama kwa karibu uliona nyuzi za kitambaa chini ya dopu (rangi maalumu ya kitambaa cha ndege), na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mkiona ndege ya kitambaa ambayo nyuzi hazionekani kabisa, jueni kwamba mwenyewe amebeba rangi badala ya abiria.

Nikiwa hapo hapo kwenye rangi, niulize jambo ambalo halihusu mizani moja kwa moja: ile rangi ni ya aina inayonyumbuka? Rangi ya magari imetengenezwa kwa bati gumu. Juu ya kitambaa kinachotikisika itapasuka kama tope la mtoni jua likiwaka, na nyufa hupitisha jua na maji hadi kwenye kitambaa. Mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania atataka kuona kwamba kitambaa, gundi na rangi ni vya mfumo mmoja ulioidhinishwa kwa ndege. Kama havikuwa, mazungumzo ya uzito yatasubiri, maana mtavua kitambaa na kuanza upya, na kilo zenu mtaziacha sakafuni.

Kuna mkono mmoja tu wa rangi ambao sitaki kusikia mmeupunguza, nao ni ule wa fedha wa chini. Unga wa aluminiamu uliomo ndani yake ndio unaozuia mwanga wa jua usile poliesta, na jua la kwetu halina huruma. Vivyo hivyo praima kwenye mabomba ya chuma ya bodi na mafuta ya kuzuia kutu ndani yake. Ni kilo moja, labda moja na nusu, na kwa ndege itakayolala mita mia chache kutoka maji ya chumvi nakuruhusuni mzibebe bila kuuliza. Uzito wa kuzuia kutu ni halali. Wa kupendeza ndio unaoulizwa.

Mengine nitayapita haraka. Betri ya volti 12 na redio na nyaya na antena, kama mmenunua vidogo, kilo sita. Viti: Cub ilitoka na turubai lililofungwa kwenye fremu ya bomba, na sponji nene yenye ngozi juu yake kwa viti viwili inaongeza kilo nne kwa urahisi. Ngozi ya fanicha ni nzito ajabu. Chukua kipande cha mita moja ukikunje mkononi utaona. Sakafu: mlipata plaiwudi ya unene ule ule au ile iliyopatikana dukani? Kutoka milimita 4 kwenda 6 hamkuona tofauti kwa macho, lakini ni nusu tena ya uzito wa mwanzo, na plaiwudi ya ujenzi ni nzito kuliko ya ndege. Tena si ya kuaminika, gundi yake haijulikani. Halafu mulikeni kwa tochi ndani ya mabomba na kwenye kona za mkia. Banda lililolala miaka mingi lina nyigu, na nyigu hujenga kwa udongo. Mlivua kitambaa chote, kwa hiyo viota vya mabawani mngeviona, lakini ndani ya mabomba yaliyo wazi na kwenye kona za mkia huwa vinasahaulika.

Nikijumlisha kwa makisio: mafuta ya injini tatu na nusu, rangi kumi, betri na redio sita, viti vinne, sakafu mbili na nusu, mbao moja na robo. Hizo ni kilo ishirini na saba bila kumlaumu mtu. Kila moja ilikuwa na sababu nzuri siku ilipowekwa, na hakuna iliyozidi uzito wa mfuko wa mchele wa kilo kumi. Lililokosekana ni mizani ndogo ya jikoni juu ya meza ya kazi, na daftari: kilichotoka, kilichoingia. Bado hamjachelewa kulifungua hilo daftari kwa kazi zilizobaki.

Uzito wenyewe una maana gani kwenu? Cub imeidhinishwa kwa uzito wa juu wa ratili 1,220, kilo 553. Namba hiyo haisogei kwa sababu ndege imenenepa. Haisogei kwa sababu mmeweka rangi nzuri, wala kwa sababu injini inavuta vizuri. Kwa karatasi ya zamani mlikuwa mnabaki na kilo 231. Toa tangi lililojaa, lita 45, ambazo ni kilo 33, toa na mafuta ya injini: watu wawili wa kilo 97 kila mmoja wangepanda. Kwa 360 yenye mafuta ya injini ndani yake mnabaki na 160 baada ya kujaza tangi. Wewe na ami, 80 kila mmoja, bila mkoba, bila ndizi za kumpelekea mtu. Kama ami ana mwili wa kizee na wewe ni kijana wa mpira mtatosha. Kama mmoja wenu ana kilo 95, mwengine ana nafasi ya 65, au mnaruka na nusu tangi na kuhesabu dakika.

Na hata ndani ya mpaka huo ndege itahisi. Kanuni ya kidole gumba wanayotumia Waingereza katika mafunzo ya marubani ni kwamba uzito ukiongezeka asilimia 10, umbali wa kupaa unaongezeka asilimia 20. Sisi tuko usawa wa bahari, lakini adhuhuri ya nyuzi 32 hewa ni nyepesi kama ile ya kwenye mwinuko wa mita 600 siku ya kawaida. Kiwanja cha Pemba ni kirefu, kupaa hakutawashinda. Kitakachowaudhi ni kupanda baada ya hapo, farasi 65 wakivuta ndege nzito juu ya minazi saa saba mchana. Rukeni asubuhi.

Hapa nakuja kwenye ambalo mimi lingeninyima usingizi kuliko zile 38: uzito uko wapi? Rangi ya mkiani, gurudumu jipya la mkia, mshono ulioongezwa kule nyuma. Kilo 3 zikikaa mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapojisawazisha, zina momenti (kilo mara mita) ya 12. Kwa ndege ya kilo 356 hivi, kitovu kinarudi nyuma zaidi ya sentimita 3. Kuna watu hutibu hilo kwa kufunga vipande vya risasi, ile metali nzito, mbele kwenye injini. Injini iko kama mita moja na sentimita 20 mbele ya kitovu, kwa hiyo kusawazisha kilo 3 za mkiani mtafunga kilo 10 mbele. Mmeongeza kilo 13 kwa ajili ya kilo 3. Msifanye. Ondoeni kilo 3 kule nyuma. Na Cub, kama mnavyojua, rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, kwa hiyo mahesabu ya kitovu yafanywe kwa hali zote: mmoja nyuma na tangi karibu tupu, wawili na tangi limejaa, na mzito zaidi nyuma. Tangi la Cub liko mbele ya vioo vya kabini, petroli ikiisha kitovu hurudi nyuma. Hali mbaya kwenu inaweza kuwa ya kutua, na si ya kupaa.

Hii ndiyo sababu nimewasumbua na kigogo. Kosa la kilo 17 kwenye gurudumu la kulia lingekuwa hasa kosa la uzito. Kwenye mkia linakuwa kosa la uzito na la kitovu pamoja, na linaonyesha ndege iliyolemea nyuma vibaya sana. Mkipeleka namba hizo kwa mhandisi mwenye leseni atawaambia kitovu kimetoka nje ya mpaka, mtaanza kufunga risasi mbele, na ndege ya kweli, isiyo na mnazi mkiani, itakuwa imelemea pua.

Sasa nini cha kupunguza. Kitambaa na rangi, kama ni vya mfumo sahihi, viacheni. Kuparua rangi ya kitambaa kwa msasa ni kutafuta tundu. Kilo kumi hizo mmeshazilipia, mtazibeba mpaka kitambaa kitakapobadilishwa. Viti virudi kuwa turubai na mto mwembamba. Mtapata kilo nne, na kwa joto letu mtashukuru, ngozi hunata mgongoni. Sakafu ibadilishwe kwa plaiwudi ya ndege yenye unene wa asili hata kama bei yake inauma, na hili nalisema zaidi kwa ajili ya usalama kuliko kilo. Redio ibaki. Kuna wazee watakaosema Cub haina redio. Wao hawakupishana na ndege za abiria kati ya Unguja na Pemba. Betri tafuteni nyepesi zaidi iliyoidhinishwa. Kilo saba au nane mnaweza kuzirudisha bila kugusa kitambaa.

Mkiisha kufanya hayo, pimeni tena kwa utaratibu niliowaeleza, mhandisi mwenye leseni awepo akisoma mizani kwa macho yake mwenyewe na si kuletewa namba kwenye simu, yeye ndiye atakayetia saini. Orodha ya vifaa iandikwe upya kuanzia sifuri, kila kitu na uzito wake na mahali kilipofungwa. Karatasi ya kilo 322 msiichane. Ipigeni mstari, iandikeni tarehe iliyobadilishwa, ikae nyuma ya mpya kwenye faili. Na kile kigogo, mkikitumia tena, andikeni uzito wake juu yake kwa rangi. Ile njano iliyobaki itatosha.